Ishirini na Ishirini ni Thelathini

Watu wa Elburgon wakikuambia kwamba kanisa letu lilihamishwa na Roho Mtakatifu, usibishane nao, lakini ujue mimi nilikuwa ndani. Nilikuwa ndani na gauni la harusi, mama yangu, na birika kubwa la chai, na kilicholihamisha nilikiona kwa macho yangu kupitia dirisha. Walikuwa maksai kumi na sita, mwalimu mmoja, na mdomo wa baba yangu. Roho Mtakatifu kama alikuwapo, alikuwa kando anacheka.

Mwaka ulikuwa wa hamsini na moja. Baba yangu, Nderitu, alikuwa mwendesha maksai wa kiwanda cha mbao. Aliburuta magogo kutoka msituni hadi kwenye misumeno, na kazi hiyo aliifanya miaka kumi na minane bila kupaza sauti hata siku moja. Wenzake walipiga makelele mpaka wakatokwa na povu. Baba alitembea kando ya ng'ombe wake na kofia yake kichwani, akiwanong'oneza kama mtu anayeombea wagonjwa, nao wakavuta. Hakukimbia hata akinyeshewa. Kanisani aliimba besi mpaka benchi likatetemeka, lakini wimbo ukiisha humsikii tena. Alisema mtu anayepaza sauti ameshashindwa.

Ng'ombe wake nao walikuwa wafanyakazi wa kiwanda kama yeye. King'ora kilipolia saa sita mchana, mara moja na kirefu, walisimama pale pale, wakarudi nusu hatua nyuma ili mnyororo ulegee, wakangoja Zeddy aufungue. Zeddy alikuwa mtu wa minyororo. Akishafungua, walilala. Saa saba king'ora kililia mara mbili kifupi, kisha kirefu, nao wakainuka. Katikati ya milio hiyo miwili, hata ungewasha moto chini ya mikia yao, wangekuangalia tu.

Ng'ambo ya bonde kulikuwa na Kosgei. Yeye alikuwa mwendesha maksai wa shamba la ngano, mzee wa kanisa pia, na alishindana na Baba tangu sijazaliwa. Baba alikuwa na maksai mmoja mvivu, akampa jina Kosgei. Kosgei aliposikia, alirudi nyumbani akachagua mvivu kuliko huyo, akamwita Nderitu. Jumapili walishikana mikono kwa heshima mlangoni mwa kanisa. Jumatatu bonde zima lilimsikia Kosgei akifoka, "Vuta, Nderitu! Nderitu mjinga wewe, vuta!" Na upande wetu Baba akinong'ona, "Usiwe mvivu, Kosgei. Si vizuri, Kosgei."

Sasa kanisa. Lilikuwa la mabanzi, zile mbao za pembeni zenye maganda ambazo kiwanda hakizihitaji. Lilikuwa na urefu wa hatua nane, mabati juu, madirisha bila vioo. Bwana wa kiwanda alitaka mahali pale apangie magogo, akatupa kiwanja kingine kwenye kilima kidogo umbali wa hatua mia mbili. Wanaume wakasema hakuna haja ya kubomoa. Wakaliinua kwa miti, wakalikalisha juu ya magogo mawili mazito yaliyochongwa ncha, tayari kuburutwa. Nyumba za wafanyakazi zilihama hivyo kila msitu ulipokwisha, kwa hiyo hilo halikumshangaza mtu.

Kilichowashangaza ni tope. Kutoka kanisani mpaka chini ya kilima palikuwa na mkondo wa tope, upana wake hatua kama thelathini. Magogo yangeteleza juu yake vizuri kabisa, lakini ng'ombe wangezama mpaka tumboni. Kando kando, kulia na kushoto, palikuwa pakavu, ila pamejaa visiki: ng'ombe angepita, kanisa lisingepita. Wazee walikaa wiki tatu wakiliangalia tope hilo. Tope nalo liliwaangalia.

Hapo ndipo alipoingia Micah. Micah alikuwa mwalimu wetu, kijana kutoka Njoro, mrefu, mwembamba, daima na chaki mfukoni. Mimi na yeye tulikuwa tumekwisha kukubaliana. Mbuzi walikuwa wameletwa, wamepokewa, wengine wameliwa. Baba alimpenda sana. Alimpenda mpaka jioni ile alipokuja kwetu kula githeri.

"Mzee," Micah alisema baada ya kula, "hilo kanisa linaweza kuvutwa."

Akachukua kikombe cha bati, akakifunga nyuzi mbili. Uzi mmoja akanipa mimi upande wa kushoto wa meza, wa pili akampa Mama upande wa kulia. "Vuteni pamoja, kila mtu aelekee kwake, lakini mbele kidogo." Mimi nikavuta kwangu, Mama akavuta kwake, na kikombe hakikuja kwangu wala hakikwenda kwa Mama. Kilipita katikati yetu, moja kwa moja, kikafika ukingoni mwa meza, kikaanguka mapajani mwa Baba. Bahati mbaya kilikuwa na chai.

"Umeona, mzee?" Micah akasema kwa furaha.

"Nimeona," Baba akasema akijipangusa.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Micah alitoa chaki. Akachora mshale juu ya meza ya Mama, meza ambayo hata sisi hatukuruhusiwa kuweka viwiko. "Kuvuta ni kama mshale huu. Una urefu, na una upande unaoelekea. Ukiniambia ng'ombe wamevuta hatua ishirini, hujaniambia kitu mpaka uniambie wamevuta kwenda wapi. Kizungu kinaitwa vekta. Sasa angalia. Mzee Kosgei avute hatua ishirini, mbele na kushoto, hivi. Halafu wewe uvute hatua ishirini, mbele na kulia, hivi." Mshale wa pili aliuanzisha pale wa kwanza ulipoishia. "Kanisa limetoka hapa, limefika hapa. Limesonga mbele hatua thelathini. Ukianza wewe, amalize Kosgei, litafika pale pale. Mkivuta pamoja litafika pale pale, tena bila kuzunguka."

Baba aliacha kujipangusa. "Mwalimu. Ishirini na ishirini ni ngapi?"

"Ni arobaini, mzee. Lakini hapa ni thelathini."

"Hapa wapi? Hapa kwangu?"

"Hapa kwenye mishale."

"Na hiyo kumi ingine imeenda wapi?"

"Imepotea, mzee. Wewe unavuta kulia kidogo, Kosgei anavuta kushoto kidogo. Kulia na kushoto zinauana. Inabaki mbele peke yake."

Baba alikirudisha kikombe mezani. Kisha akamgeukia Mama, maana mtu akishamkasirisha Baba haongeleshwi tena. "Mama Wanjugu, umesikia? Huyu ndiye tunampa mtoto. Atazaa watoto wanne, jioni atafunga mlango na watatu. Mmoja yuko nje analiwa na fisi. Ukimuuliza, anakwambia ameuliwa na kulia na kushoto."

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, Baba alisimama kanisani. Kwa sauti yake ndogo alisema kwamba mchungaji atakuja Jumatano kwa gari la moshi la asubuhi na kuondoka na lile la saa saba na nusu. Mwalimu anasema hesabu yake itapeleka kanisa kilimani. Vizuri. Kanisa likiwa juu ya mawe ya msingi kabla mchungaji hajaondoka, kutakuwa na harusi. Lisipofika, hesabu ni ya uongo, na mwalimu atarudi Njoro na chaki yake, na mbuzi waliobaki watarudi pamoja naye. Micah akasimama akasema, "Nimekubali, mzee." Hakuniuliza mimi. Nilimfinya mkono baadaye mpaka akaomba msamaha.

Nilimpenda, ndiyo maana nilimfinya. Nilimpenda vibaya sana, na mchungaji alipita kwetu mara moja kwa miezi mitatu, na ndani ya miezi mitatu Baba angeweza kunitafutia mtu anayejua kwamba arobaini ni arobaini. Siku tatu zile sikula vizuri.

Kazi ya kwanza ya Micah ilikuwa kuwashawishi wale wawili wavute kitu kimoja. Alimwendea Baba akamwambia, "Mzee, usipovuta wewe kulia, Kosgei atalipeleka kanisa kwake." Baba akasema kesho atafika saa kumi na mbili asubuhi. Kisha Micah akaenda kwa Kosgei akamwambia, "Mzee, usipovuta wewe kushoto, Nderitu atalipeleka kanisa kwake." Kosgei alitaka kuanza usiku ule ule.

Jumatano ilipofika, Mama alikataa katakata nitembee kwenye tope na gauni jeupe. "Kanisa linaenda huko," alisema. "Panda kanisa." Tukapanda mimi na yeye na birika la chai ya wageni, tukakaa kwenye benchi la mbele kama watu waliowahi ibada. Kulia kwetu, kwenye ukingo mkavu, alisimama Baba na maksai wanane, Zeddy, na Mchungaji Hezekiah akiwa na saa mkononi. Kushoto alisimama Kosgei na maksai wake. Minyororo mirefu ya magogo ilitoka kila upande mpaka mbele ya kanisa. Micah alikuwa nyuma yetu, tope magotini, ameshika vitambaa viwili juu ya vijiti: chekundu cha Baba, cheupe cha Kosgei. Kitambaa chako kikiinuliwa, punguza mwendo.

Tulianza. Mara kanisa likaanza kuelekea kushoto.

"Mzee Kosgei!" Micah akapiga kelele. "Tulisema ng'ombe nane! Mimi naona kumi!"

"Hao wawili ni wageni!" Kosgei akajibu. "Wamekuja kuangalia tu!"

"Mbona wamevaa nira?"

Wageni wakafunguliwa. Tukaanza tena, na safari hii, nakuambia, ilikuwa ajabu. Kulia ng'ombe walitaka kutupeleka kulia, kushoto walitaka kutupeleka kushoto, na sisi tukaenda mbele, taratibu, sawasawa, kama sahani inayopelekwa mezani. Nilichungulia dirisha la kulia nikamsikia Baba, "Kosgei, jikaze." Nikachungulia la kushoto nikamsikia Kosgei, "Nderitu! Punda wewe! Mama yako alikuwa mbuzi, Nderitu!" Mchungaji Hezekiah, ambaye hakujua mambo ya majina, alitoa kijitabu akaandika kitu.

Hatua hamsini. Mia. Mia na hamsini. Jua lilikuwa juu, Mama alianza kupanga vikombe, nami nilianza kuimba. Micah alipita kando ya dirisha langu ametota tope mpaka mashavuni. "Mia na sabini," aliniambia. "Imebaki thelathini tu. Wanjugu, tunaoana!"

King'ora cha kiwanda kikalia.

Kilikuwa cha saa sita, mara moja na kirefu, kama kila siku. Kiwanda kilikuwa kimetuazima ng'ombe tu, hakikufunga kazi. Maksai wa Baba walisimama. Wakarudi nusu hatua. Mnyororo ukalegea. Zeddy, ambaye mkono wake haukuwahi kuomba ruhusa ya kichwa, akafungua ndoano, akaenda kutafuta uji wake. Ng'ombe wakalala.

Maksai wa Kosgei walikuwa wa shamba. King'ora kwao kilikuwa kelele kama kelele nyingine. Kosgei mwenyewe hakumwona Zeddy. Alichoona ni kwamba, kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe, kanisa lilikuwa linakuja kwake.

"Halleluya!" akapaza sauti. "Vuta, Nderitu! Vuta, mtoto wangu!"

Kanisa likageuka. Birika likatoka mbele ya benchi, likapita katikati ya kanisa peke yake kama mtu anayekwenda kutubu, likamwagikia viatu vya Mama. Mimi nilikumbatia mimbari. Nilimsikia Micah akipiga kelele nyuma, "Simama! Simama, mzee!" na akianguka, na akisimama, na akianguka. Kisha tukagonga kitu kigumu na kila kitu kikatulia. Nikachungulia nje. Kanisa lilikuwa limefika ukingo wa kushoto na pua yake ilikuwa imeingia kwenye josho la ng'ombe, pale wanapooshwa kupe. Harufu ya dawa ilitoa machozi.

Kosgei aliliangalia kanisa, akaliangalia josho. "Si mbaya," akasema. "Maji iko. Tunaweza kubatiza hapa hapa."

Nilikasirika. Watu husema bi harusi alilia. Sikulia, ilikuwa dawa ya kupe. Nilitoa kichwa dirishani nikamwambia Micah mbele ya wazee wote, "Umepima tope, umepima minyororo, umepima ng'ombe. Chakula cha mchana hukupima!"

Alikuwa amepiga magoti matopeni, uso kama wa mtu aliyefiwa. Kwa kweli hakuna mtu aliyekifikiria kile king'ora. Kilikuwa kimelia kila siku ya maisha yetu, na kitu cha kila siku hakuna anayekisikia. Hata hivyo nilikuwa na hasira, na hasira yangu yote ilikuwa kwa sababu niliona vile atakavyopanda gari la moshi kurudi Njoro na mbuzi zake.

"Basi angalau hesabu," nikamwambia. "Kosgei amelivuta hatua ngapi?"

Akainuka, akatembea kwenye alama ya magogo topeni, akihesabu. Alifika mwisho akasimama. Akachora mshale kwa kidole juu ya tope. Akachora wa pili. Kisha akaanza kucheka, na nikadhani amerukwa na akili.

"Ishirini!" akapiga kelele. "Mzee Nderitu! Ni ishirini kamili! Mzee Kosgei amemaliza ishirini yake! Hakuna kitu kimeharibika! Si nilisema mtu mmoja anaweza kuvuta kwanza, mwingine amalize? Imebaki ishirini yako tu! Ukivuta wewe peke yako ishirini, kanisa liko juu ya mawe!"

Niliangalia. Ndugu yangu, ilikuwa kweli. Kutoka joshoni, ukiufuata mnyororo wa Baba kuvuka tope kwa mshazari, ulifika mbele ya kilima, kwenye jiwe la kwanza. Ulikuwa ule mchoro wa mezani kwetu, ila mkubwa, na mimi nikiwa ndani yake.

Micah akamfanya Kosgei afungue mnyororo wake. Akamrudisha Zeddy na uji wake, akampeleka topeni auvute mnyororo mpaka kwa maksai na kuufunga tena. Kila kitu kilikuwa tayari. Ila maksai wanane wa Baba walikuwa wamelala wakicheua, na king'ora cha kuinuka kilikuwa mbali.

"Saa ngapi?" Micah akauliza.

"Saa sita na dakika kumi na nane," Mchungaji Hezekiah akasema. "Na mimi saa saba niko njiani. Stesheni ni mwendo wa nusu saa."

Kumleta Kosgei upande wa kulia kungemzungusha mpaka daraja la reli, saa nzima. Basi watu wakaanza kujaribu kuiga king'ora. Zeddy akapuliza kwenye kiganja. Ng'ombe hawakugeuka. Micah akalia kama king'ora kwa sauti yake ya darasani, nyembamba, ng'ombe mmoja akapiga sikio kama anafukuza nzi. Mchungaji akaanzisha wimbo. Mimi nikapiga yowe dirishani mpaka maua yakanitoka kichwani, na yule maksai anayeitwa Kosgei akafumba macho. Kosgei mwenyewe ng'ambo alikuwa amekaa chini kwa kucheka.

Baba peke yake hakufanya kitu. Alisimama kando ya ng'ombe wake, kofia kichwani.

Hakuna mtu angemlaumu. Hakuvunja neno. Ng'ombe walikuwa wanapumzika kwa haki yao, na yeye alichohitaji ni kukaa juu ya kisiki na kungoja. Saa saba ingefika, mchungaji angeondoka, na ishirini na ishirini ingebaki arobaini mpaka mwisho wa dunia. Alijua hivyo. Nilimwona anajua. Aliangalia mshale wa Micah topeni, akaangalia mnyororo, akaufuata kwa macho polepole mpaka kanisani, mpaka dirishani, mpaka kwangu.

Sikumwomba. Kiburi changu nilikirithi kwake, kizima, bila kupungua. Nilimwangalia tu.

Baba akavua kofia. Akampa mchungaji amshikie. Akaweka mikono yake miwili kando ya mdomo, yule mzee ambaye hakuwahi kukimbia mvua, akainua uso juu kama jogoo.

"Uuu! Uuu! Uuuuuuuuuuuuuuuuuuu!"

Sijawahi kusikia kitu kama hicho, na nimezeeka. Ilitoka chini kabisa, kule besi ilikokaa, ikapanda, ikapanda tena, mabati ya kanisa yakalia. Ndege walitoka msituni. Kosgei aliacha kucheka. Na wale maksai wanane, bila kufikiri, waliinuka kwa pamoja kama wanafunzi mwalimu mkuu akiingia. Wa kwanza kuinuka alikuwa yule mvivu.

"Twendeni," Baba akawanong'oneza, na sauti ikakatika hapo hapo. Haikurudi kwa siku nne.

Wakavuta. Kanisa likatoka joshoni kwa kishindo, likageuza pua, likateleza kwa mshazari juu ya tope. Micah alikwenda kando yetu akihesabu kwa sauti. Mama alihesabu. Mimi nilihesabu. Kumi na nane, kumi na tisa, na kwenye ishirini magogo yakagonga jiwe la kwanza la msingi, nami nikaanguka juu ya Mama. Wanaume wakaja na miti, wakaliinua, wakalikalisha. Pamoja na kupitia joshoni, lilikuwa limesonga mbele hatua thelathini.

Ndipo tuliposikia misumeno. Kule kiwandani wafanyakazi sitini walikuwa wamesikia king'ora cha kuingia kazini, wakamwaga uji na kukimbilia mashine zao. Bwana wa kiwanda alionekana mlangoni akiitikisa saa yake na kuiweka sikioni. Hakuna aliyemweleza.

Kosgei alizunguka kwa mguu mpaka daraja la reli, lakini harusi aliikosa. Alichofanya ni kwamba Jumatatu alimnyang'anya yule maksai mvivu jina lake, akampa maksai wake wa mbele, aliye bora kuliko wote. Tangu hapo ukimsikia akisema "Nderitu" bondeni, alikuwa anasifu.

Harusi yenyewe ilikuwa ya haraka. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Mchungaji aliruka nyimbo zote. Micah alisimama mbele yangu, tope limeanza kukauka na kupasuka usoni kila alipotabasamu, na tulinuka dawa ya kupe sisi sote.

"Nani anamtoa binti huyu?" mchungaji akauliza.

Baba akafungua mdomo. Hakikutoka kitu, hata pumzi. Akajaribu tena. Watu wakaanza kunong'ona, na mchungaji akaangalia saa. "Mzee, lazima ujibu. Nani anamtoa?"

Baba alinyoosha mkono kwenye mfuko wa koti la Micah, akatoa chaki. Akaenda ukutani nyuma yetu. Akaweka chaki kwenye ubao uliokuwa nyuma ya bega langu, akachora mstari, polepole, akatembea nao, mpaka nyuma ya bega la Micah. Pale mwisho akauwekea ncha.

"Hii ni nini?" mchungaji akauliza.

Micah alitaka kueleza akashindwa. Alikuwa analia, na haikuwa dawa ya kupe. Ikabidi nieleze mimi. "Amejibu, mchungaji," nikasema. "Endelea."

Lile kanisa lipo mpaka leo, na kila baada ya miaka michache vijana huja kulipaka chokaa. Mimi huenda na kiti changu, nikakaa karibu na ubao ule, nikawaangalia wanavyofanya kazi. Nawaambia wapake kote, ila hapo wapite kando kando.